Maswali ya wasomaji: ratiba ya ukumbi, sinema ya uani na mikro inayopiga mluzi

Barua za safari hii zimetoka Katuba, Ruashi, Kampemba, Kamalondo na komini ya Kenya, zote za mji wetu wa Lubumbashi, na nyingi ni za vikundi vilivyopata ukumbi au ua, vinataka kutangaza mazungumzo, filamu na maonyesho ya miezi ijayo. Karibu wote mmeuliza kuhusu bango. Bango ni kazi ya wiki ya tatu kabla ya siku yenyewe. Kuna mengi yanayolitangulia. Kuhusu filamu tumejibu kwa urefu, maana hapo ndipo jioni nyingi huharibikia.

Ndugu wahariri, tumepewa ukumbi wa parokia hapa Katuba, mita 8 kwa 12, paa la mabati bila dari. Tunataka kila mwezi mazungumzo mara moja, filamu mara moja na mchezo wa jukwaani mara moja, kuanzia Novemba hadi Januari. Tuanzie wapi, na ukumbi unabeba watu wangapi?

Anzeni na paa. Miezi hiyo mitatu Lubumbashi iko ndani ya mvua, na mvua kubwa juu ya mabati matupu haishindwi na mikro yoyote: ukiongeza sauti, spika zinaanza kupiga mluzi kabla maneno hayajamfikia aliyekaa nyuma. Mazungumzo ndiyo yanayoumia zaidi. Filamu yenye maandishi ya chini inaweza kuokoka. Ngoma haijali. Kwa hiyo mazungumzo yawekeni asubuhi, tuseme Jumamosi 10h00 ikiwa hayagongani na salongo (usafi wa pamoja) ya mtaa, kwa sababu mvua nyingi hunyesha mchana kuelekea jioni. Jioni waachieni wapiga ngoma na filamu. Mkipata fedha yoyote mwaka huu, isiende kwenye spika mpya. Iende kwenye dari ya plaiwudi, hata ya milimita 6, yenye nafasi ya hewa kati yake na mabati.

Idadi ya watu hupatikana kwa utepe wa kupimia, si kwa kukadiria kwa macho. Jukwaa likichukua mita 4 za mbele, mnabaki na mita 8 kwa 8. Acheni njia ya katikati ya mita 1.2, sentimita 60 kila upande ukutani, na mita 1 nyuma karibu na mlango. Upana unaobaki ni mita 5.6, kiti cha plastiki kinataka sentimita 50, basi viti 11 kwa mstari, 6 upande mmoja wa njia na 5 upande wa pili. Kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti wekeni sentimita 90, mtapata mistari 7. Jumla ni viti 77. Tangazeni nafasi 75, mbili zibaki kwa wanaosimamia. Milango miwili iwe wazi muda wote, isiyofungwa kwa kufuli kuzuia wasiolipa. Kama inafunguka kwa ndani, msimamizi mmoja akae kando ya kila mmoja.

Kalenda yenu ihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku ya onyesho. Wiki 8 kabla: barua ya kuomba ruhusa ya filamu, na mwaliko wa mzungumzaji. Wiki 5: barua kwenye ofisi ya komini, nakala mbili, moja irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Wiki 3: bango. Siku 7: jaribio kamili la faili, waya na mikro, ndani ya ukumbi wenyewe, maana nyumbani kwa fundi kila kitu hufanya kazi.

Kwenye bango andikeni siku ya juma pamoja na tarehe (makosa ya tarehe hugunduliwa hapo), saa kwa mtindo wa 18h00, urefu wa onyesho, lugha itakayotumika, kiingilio, umri, na alama ya mahali inayojulikana na dereva wa teksi. Msiandike “saa 12 jioni”. Mji huu una wanaohesabu saa kwa namna mbili, na mtapata watu waliofika mchana. Kisha litazameni bango kwenye simu ndogo bila kulikuza. Kama tarehe haisomeki hivyo, haitasomeka kwenye WhatsApp ya mtu yeyote. Tangazo la redio la sekunde 30 linabeba maneno kama 60 ya Kiswahili yakisomwa kwa utulivu. Likizidi hapo, mtangazaji atakimbia na saa ya onyesho haitasikika.

Na jambo ambalo halihitaji ufundi: kabla ya kufunga tarehe, angalieni ratiba ya mechi za TP Mazembe.

Mwezi wa Juni tulionyesha filamu uani hapa Ruashi. Tulianza 18h00, skrini ya mita 4, projekta ya lumeni 2000. Picha ilikuwa hafifu, watu wengi waliondoka kabla ya mwisho, umeme ukakatika mara mbili na projekta ikakataa kuwaka tena. Tulikosea wapi?

Hapa kuna makosa manne, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni saa. Mwezi wa Juni jua linazama Lubumbashi kidogo kabla ya 18h00, lakini giza la kutosha kwa projekta huja kama nusu saa baadaye. Mkianza 18h00 mnapoteza sehemu ya mwanzo, ile inayomfanya mtu aamue kukaa au kwenda. Anzeni 18h30. Mwishoni mwa Desemba na Januari jua linazama 18h30 na zaidi, hivyo msianze kabla ya 19h00, ila majira hayo hatuwashauri kuonyesha uani kabisa.

La pili ni mwanga kugawanywa juu ya kitambaa kikubwa kupita uwezo wake. Skrini ya upana wa mita 4 kwa umbo la 16:9 ina urefu wa mita 2.25, yaani mita za mraba 9. Gawanya lumeni, yaani mwanga wote wa projekta, kwa eneo: 2000 kwa 9 ni luksi 222. Kumbi za sinema hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa mita ya mraba, na juu ya kitambaa cheupe kisichong’aa hiyo ni kama luksi 150. Mtasema basi mlizidisha. Hapana, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kasha ni ya taa mpya, katika hali ya nguvu kamili. Taa iliyozeeka pamoja na hali ya kubana matumizi inaweza kuwaachia nusu tu, luksi 110, na taa moja ya jirani juu ya ukuta inamaliza zilizobaki. Punguzeni skrini iwe mita 3: eneo linashuka hadi mita za mraba 5, na projekta ileile, hata ikiwa imechoka, inatoa karibu luksi 200. Picha ndogo inayoonekana inashinda picha kubwa ya kubahatisha. Kwa mita 4 tafuteni lumeni 3000 au zaidi.

Shuka moja nyeupe inapitisha mwanga kwenda nyuma. Shoneni mbili pamoja, na nyuma yake wekeni kitambaa cheusi. Au pakeni ukuta rangi nyeupe isiyong’aa, ambayo ndiyo skrini bora kuliko zote kwa bei yake. Rangi ya mafuta inayong’aa huleta doa la mwanga katikati ya picha. Ukingo wa chini uwe mita 1.5 kutoka ardhini, la sivyo vichwa vya mstari wa mbele vitakula maandishi ya tafsiri. Kitambaa kifungwe kwenye fremu kwa kamba kila sentimita 30, na fremu ishikwe na kamba za kwenda mbele na nyuma. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unasukuma skrini ya mita za mraba 9 kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 40. Matofali mawili miguuni hayatoshi.

Umbali wa projekta hupatikana kwenye kijitabu chake. Ikiwa uwiano wake ni 1.5, zidisha kwa upana wa skrini: mita 3 zinataka mita 4.5. Inueni meza mpaka lenzi iwe mkabala na picha. Kile kitufe cha kunyoosha picha iliyopinda kinakata sehemu ya picha na ya mwanga, kiwe cha mwisho kuguswa. Kompyuta ikae kando ya projekta, kwa sababu waya wa HDMI wa kawaida ukipita mita 10 mara nyingi huanza kukata picha. Kinachosafiri mbali ni sauti, kwa waya wa mikro, yaani XLR.

Kosa la tatu ni baridi. Usiku wa Juni na Julai Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki bila kusogea anaihisi baada ya saa moja. Watu hawakuikimbia filamu. Kwa miezi hiyo chagueni kazi zisizozidi dakika 70 kwa jumla, na kwenye bango andikeni “njoo na kikoi au blanketi”. Filamu ndefu ziwekeni Septemba, lakini safisheni kichujio cha projekta kabla ya kila onyesho, maana vumbi jekundu la mwisho wa kiangazi linaziba njia ya hewa na mashine inajizima yenyewe kwa joto.

La nne ni umeme, na hapa mlikuwa karibu kuua mashine. Projekta ya taa ina balbu ambayo ndani yake mna mvuke wa zebaki wenye shinikizo kubwa sana. Ikizimika ghafla, feni nayo inasimama, joto linabaki ndani, na balbu haiwezi kuwaka tena mpaka ipoe na shinikizo lishuke. Subirini dakika 10 bila kugusa kitu. Kubonyeza kitufe tena na tena ndiko kunakoharibu. Projekta za LED na leza hazina tabu hii ya kuwaka tena.

Dawa ni UPS, ile betri ya akiba inayokaa kati ya soketi na mashine. Ya VA 1000 kwa kawaida hutoa kama wati 600. Projekta ya wati 300 na kompyuta ya wati 60 zitapata dakika chache, zinazotosha kuwasha jenereta. Spika msizichomeke humo. Jenereta ya kVA 2.5 inatosha kwa projekta, kompyuta na spika mbili za uani. Ikae mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Kamwe isiwekwe chumbani wala kwenye baraza lililofungwa: gesi yake ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, na ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu uliobaki umejiviringisha hupata moto. Jenereta ikimbie dakika mbili tatu kabla ya kuchomeka chochote. Na delestaji (mgao wa umeme) ikiisha katikati ya filamu, msikimbilie kurudi kwenye umeme wa SNEL, shirika la umeme: umeme unaorudi mara nyingi hupanda na kushuka mwanzoni. Malizeni filamu na jenereta.

Kuhusu sauti, spika ziwe pande mbili za skrini, juu ya miguu ya mita 2. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita 30 anaisikia karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya midomo kusogea. Ua mrefu kupita mita 25 ukatwe kwa kamba, watu wakae karibu.

Maandishi ya Kiswahili tuliyotengeneza yanakaa sawa mwanzoni, lakini kufikia katikati ya filamu yamechelewa dakika nzima na zaidi. Kwenye kompyuta nyingine herufi za Kifaransa zenye alama zinageuka vikolokolo. — Kampemba

Maandishi yenu yalitengenezwa kwa nakala ya filamu yenye picha 24 kwa sekunde, nanyi mnaonyesha nakala yenye picha 25. Tofauti hiyo ndogo inazaa sekunde 2.5 kila dakika; baada ya dakika 40 mmepotea kwa sekunde 100. Kusogeza maandishi yote mbele au nyuma hakusaidii, kutaponya sehemu moja tu. Fungueni faili la maandishi (SRT) kwenye programu ya bure kama Subtitle Edit, tafuteni amri ya kubadili idadi ya picha kwa sekunde, toeni 24 na wekeni 25. Kisha jaribuni dakika ya 1, ya 45 na ya mwisho kabisa. Zikikaa sawa zote tatu, katikati hapana shaka.

Vikolokolo vinatokana na namna faili lilivyohifadhiwa. Lihifadhini upya kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Jina la faili la maandishi liwe sawa herufi kwa herufi na jina la faili la filamu, ndani ya folda moja, na VLC, programu ya kuchezea filamu, italifungua yenyewe.

Kwa kuwa mmeshalifungua, kazi ya tafsiri nayo itazameni: mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi kama 40, na maandishi yakae angalau sekunde moja na nusu. Kiswahili kina maneno marefu. Tafsiri ya neno kwa neno itawaacha wasomaji nyuma. Fupisheni bila huruma. Na kama mnachukua filamu kwa fleshi, fleshi iliyopangwa kwa FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4. Ipangeni kwa exFAT, mkikumbuka kwamba projekta nyingi zenye tundu la USB haziisomi, hivyo chezesheni kutoka kwenye kompyuta.

Tukinunua DVD halali, tunaruhusiwa kuionyesha bure ukumbini? Na filamu za YouTube? — Komini ya Kenya

Hapana kwa zote mbili, mpaka mpate ruhusa. Ukinunua DVD unanunua haki ya kuitazama nyumbani. Kuonyesha hadharani ni haki nyingine, na haijalishi kama mmetoza kiingilio au la. Hapa kwetu jambo hili linatawaliwa na sheria ya haki za waandishi ya tarehe 5 Aprili 1986, na kwa muziki unaopigwa au kuchezwa ukumbini kuna SOCODA, shirika la kukusanya haki za wasanii.

Watu huogopa kuandika wakidhani wataambiwa bei ya Ulaya. Watengenezaji wengi wa filamu fupi na za hali halisi hukubali kwa bei ndogo au bure ikiwa barua imekamilika. Taja jina la ukumbi na mji, idadi ya viti, tarehe na saa, ni mara ngapi mtaonyesha, kiingilio ni kiasi gani au hakuna, na kwamba mtafuta faili baada ya onyesho. Mwombe faili la MP4 la H.264, 1920 kwa 1080, pamoja na picha moja ya bango. Jibu lihifadhiwe kwa maandishi. “Alikubali kwa simu” si ruhusa. Kwa filamu za Kifaransa ulizeni pia Halle de l’Étoile, ambayo ni Institut français ya mji huu: mtandao wa taasisi hizo una mkusanyiko wa filamu zenye haki ya maonyesho yasiyo ya biashara.

Filamu zenye leseni ya Creative Commons zisomeni herufi zake. NC inakataza biashara, basi kiingilio kiwe sifuri. ND inakataza kubadili kazi, na tafsiri ni mabadiliko: msiiwekee maandishi ya Kiswahili bila kuuliza.

Kuna hazina ambayo kumbi zetu haziitumii: filamu bubu za mwanzo wa karne iliyopita, kama za Georges Méliès aliyefariki mwaka 1938, ambazo haki zake zimekwisha. Tahadhari ni kwamba nakala iliyokarabatiwa juzi na kuwekewa muziki mpya inaweza kuwa na mwenyewe. Tafuteni nakala ya zamani, zimeni sauti, na muwaite wapiga gitaa na likembe waipigie papo hapo, na msimulizi wa Kiswahili mwenye mikro. Zilipigwa picha 16 hadi 20 kwa sekunde; zikienda mbio kama vichekesho, punguzeni kasi kwenye VLC hadi 0.75.

Tuna mazungumzo na mtaalamu aliye Kinshasa, kwa intaneti. Mara iliyopita alilalamika kwamba anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia, na ukumbi nao ukapiga mluzi.

Sauti yake inatoka kwenye kompyuta, inakwenda kwenye spika, mikro ya ukumbini inaidaka, inarudi kwake. Programu za mikutano zinajua kufuta mwangwi wa kompyuta moja mezani. Ukumbi mzima zinashindwa. Kwenye meza ya sauti tafuteni vitufe vya “aux”, yaani njia ya pembeni ya kutolea sauti. Mikro zote za ukumbini zipandisheni kwenye aux. Chaneli ya kompyuta, yaani sauti ya mgeni, kwenye aux iwe sifuri kabisa. Waya wa aux ndio uingie kwenye kompyuta kupitia kadi ndogo ya sauti ya USB. Hapo mgeni anasikia ukumbi bila kujisikia. Kama hamna meza yenye aux, anayeuliza aje kwenye kompyuta, na spika zishushwe wakati anauliza.

Mluzi unakuja mikro inapokuwa mbele ya spika. Spika ziwe mbele ya meza ya wazungumzaji, zikitazama watu. Mikro ya kuzungushwa kwa wasikilizaji izimwe kati ya swali na swali, na anayeishika asiikumbatie kichwa kwa kiganja kama mwanamuziki wa rap. Akiziba matundu ya nyuma, mikro inaanza kudaka sauti ya kila upande.

Kamera yenu izimeni baada ya salamu, mtandao ubaki kwa mgeni. Wekeni laini mbili za kampuni tofauti. Na siku mbili kabla, mwombeni atume rekodi ya dakika 10 ya hoja zake kuu: mtandao ukikata, mtaicheza na majadiliano yaendelee bila yeye.

Saa: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. 18h00 yetu ni 17h00 yake, na huenda bado yuko njiani kutoka kazini. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele kwa saa moja. Brussels iko sawa nasi tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kisha inarudi nyuma kwa saa moja. Kama atasema Kifaransa na kutafsiriwa, dakika 20 zake zinakuwa 40. Mpeni mkalimani majina na takwimu zote kwenye karatasi siku moja kabla. Maana ya sentensi haimsumbui sana, kinachomkwamisha ni namba.

Mchezo wetu wa kuigiza tunautangaza dakika 40, unakwenda saa moja na nusu. Wenye zamu ya pili wanakasirika. — Kamalondo

Mchezo wa Kiswahili wa mji huu, ule uliojulikana kupitia kundi la Mufwankolo, hujengwa kwa kukubaliana matukio na kuwaachia waigizaji maneno. Huo ndio utamu wake, na ndiyo sababu saa haishikiki: watu wakicheka, mwigizaji anarefusha. Msiuandikie maneno yote, mtauua. Ugawanyeni matukio manane, kila moja lipewe dakika 5, na mtu mmoja nyuma ya watazamaji awe na tochi yenye karatasi nyekundu. Ikiwaka, tukio limebakiza dakika moja. Kila tukio liwe na sentensi moja ya kufungia ambayo wote wanaijua, mwigizaji yeyote aweze kuitamka. Na kwenye bango andikeni dakika 60, kwa ukweli, maana vicheko bado vitarefusha.

Wachezaji ngoma wetu wanaumia miguu kwenye sakafu ya saruji. Zulia linasaidia? — Kamalondo pia

Zulia linateleza na halipunguzi kishindo. Saruji hairudishi nguvu, inaacha mfupa wa muundi ubebe yote. Tengenezeni sakafu ya mita 6 kwa 5: mbao 14 za mita 6, za sentimita 5 kwa 5, zikiachana kama sentimita 40, chini yake vipande vya mpira wa matairi kila sentimita 50. Juu, tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 12, la pili likikatisha la kwanza ili maungio yasikutane. Karatasi moja ya mita 1.22 kwa 2.44 ni karibu mita za mraba 3, hivyo 11 kwa tabaka, 22 kwa jumla. Skrubu kila sentimita 20, vichwa vizame. Msipake nta. Mkikosa fedha za yote, jengeni mita 4 kwa 4 kuliko kupunguza tabaka.

Taa nne za jukwaani aina ya PAR, za LED, zinatosha, mbili kila upande, mita 3 juu, zikimpiga mchezaji kwa pembe ya nyuzi 45. Nyuma yake kitambaa kiwe cheusi au kahawia. Ukuta mweupe nyuma ya ngozi nyeusi unamfanya mtu awe kivuli, hasa kwenye picha za simu. Zote nne zinakula kama wati 200. Za zamani za halojeni za wati 500 kila moja zingefika 2000, na jenereta ndogo ingelia.

Na ngoma za ngozi wakati wa mvua hulegea kwa unyevu. Zipasheni moto nje, mkizizungusha, mkipiga kidogo kila mara kusikia sauti ikipanda. Zikishalia sawa ziondoeni, maana dakika mbili za ziada zinapasua ngozi. Fanyeni hivyo nusu saa kabla, na makaa yabaki uani.

Tutoze kiingilio au iwe bure?

Tozeni kidogo, kwa faranga, kwa noti ambayo watu wanayo mfukoni, msije mkakosa chenji mlangoni. Bure huleta ahadi nyingi na viti vitupu. Watoto wa mtaa waingie bure saa za mchana kwa filamu zao. Tiketi ziwe na namba, na anayeuza asiwe yule anayechana.

Mimi ni mtazamaji tu. Nikae wapi?

Mama, kwa filamu kaa katikati ya mstari, theluthi mbili kwenda nyuma: spika mbili zinakutana hapo na huhitaji kuinua shingo. Kwa mazungumzo kaa mbele, upande wa mwenye mikro ya maswali. Kwa ngoma, mstari wa pili. Wa kwanza unapata vumbi.